Anza na Kitabu cha Mlangoni Pako

Ukimwuliza mtu wa Kayanga au Nkwenda, huku kwetu Karagwe na Kyerwa, kwa nini aliacha kusoma vitabu vya historia na siasa, mara nyingi atakuambia alianza na kile kizito kilichosifiwa na rafiki. Alikiagiza Dar es Salaam, akalipia na mzigo kwenye basi, akafika ukurasa wa thelathini, kikaishia juu ya kabati. Hakuwa mvivu. Kitabu kilikuwa kinazungumza peke yake. Kilitaja mabenki ya London na mashamba ya Jamaica, na msomaji hakuwa na pa kusimama aseme: hapa umepatia, hapa umekosea. Kusoma bila kuweza kujibu kunachosha upesi.

Shauri langu kubwa ni moja, na mengine yote yanatoka humo. Anza na kitabu kinachoeleza mlima unaouona kutoka uani kwako. Soma kwanza vitabu vilivyoandikwa juu ya Karagwe yenyewe, maana hivyo unaweza kuvikagua kwa macho yako, kwa miguu yako na kwa kinywa cha bibi yako. Ukishajifunza kumshika mwandishi hapa nyumbani, utamshika hata akiandika juu ya Moscow au Washington.

Na kwa hili sisi tuna bahati kubwa. Wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, ziko juu ya ardhi ya ufalme ulioingia vitabuni mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Wasafiri John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861. Speke alitoa kitabu chake mwaka 1863, Grant akafuata 1864. Henry Morton Stanley alipita 1876, na kitabu chake kikatoka 1878. Vyote vitatu havina tena haki ya mtu, kwa hiyo unaweza kuvipakua bure kwenye intaneti, kihalali kabisa, kwa simu. Usichapishe kitabu kizima. Chapisha sura zinazohusu Karagwe tu kwenye stesheneri ya karibu, zibane kwa uzi, na tayari una kitabu cha kuanzia.

Utakwama kwenye majina, basi nikupe ufunguo mapema. Kwa Speke nchi yetu ni Karague, na Bweranyange, makao makuu ya mfalme, ameiandika Weranhanjé. Ziwa moja dogo alilipa jina la Little Windermere kwa sababu lilimkumbusha mwenzake Grant ziwa la jina hilo kule Uingereza. Vitabu vya wakati wa ukoloni vinatuweka ndani ya Bukoba, kwa hiyo ukitafuta Karagwe kwenye orodha ya majina nyuma ya kitabu na usiione, usikate tamaa, tafuta Bukoba. Vya miaka ya 1960 na 1970 vinatuita Ziwa Magharibi, West Lake, kwa sababu jina la Kagera kwa mkoa lilikuja baada ya vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda. Jina Kyerwa kama wilaya hutalikuta katika kitabu chochote cha kabla ya 2012.

Baada ya wasafiri hao watatu, mtafute Israel Katoke. Kitabu chake, The Karagwe Kingdom, kilitolewa Nairobi mwaka 1975, nacho kinafuata historia ya Wanyambo, watu wa Karagwe, kuanzia kama mwaka 1400 hadi 1915. Thamani yake kwetu ni kwamba Katoke aliwasikiliza wazee na kuyaweka masimulizi yao mezani pamoja na maandishi ya wageni. Hakichapishwi tena, kwa hiyo kukipata ni kazi. Anayesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaangalie sehemu ya Afrika Mashariki katika maktaba ya chuo. Aliyepo huku aanze kuulizia maktaba ya mkoa Bukoba, kisha aende kwa walimu wastaafu. Nimeshaona vitabu adimu vingi zaidi vikitoka chini ya vitanda vya walimu wastaafu kuliko kwenye rafu zozote.

Kwa wakati wa Wajerumani na Waingereza kuna Ralph Austen, 1968, Northwest Tanzania under German and British Rule. Kwa miaka ya TANU kuna Göran Hydén, 1969, Political Development in Rural Tanzania, ambaye alifanya utafiti wake Buhaya. Vyote ni vya Kiingereza kigumu kidogo. Hilo lisikuzuie, nitaeleza hapa chini namna ya kuvuka.

Safu tatu za daftari

Nunua daftari kubwa. Kila ukurasa uchore safu tatu. Juu ya ya kwanza andika ALIONA. Juu ya ya pili, ALIAMBIWA. Juu ya ya tatu, ALIDHANI. Unaposoma, kila jambo zito analolisema mwandishi uliweke kwenye safu moja kati ya hizo. Ni kazi ya polepole. Kurasa kumi kwa jioni moja zinatosha.

Tufanye pamoja, tuchukue pale Speke anapoingia mara ya kwanza mbele ya Rumanyika. Anasimulia kwamba mfalme na ndugu yake walikuwa wameketi wakiwangoja, na kwamba salamu za kwanza za mfalme zilikuwa za Kiswahili kizuri. Simama hapo. Mwaka 1861, ndani kabisa ya Karagwe, mfalme anamsalimu mgeni kwa Kiswahili. Hiyo iende safu ya ALIONA, au tuseme alisikia kwa masikio yake. Inakuambia mengi juu ya biashara ya pembe na vitambaa kati ya Karagwe, Tabora na pwani, na juu ya kituo cha wafanyabiashara wa pwani pale Kafuro, kuliko aya nyingi za maelezo.

Lakini soma sentensi inayofuata. Papo hapo, kabla hata hajaketi vizuri, Speke anaanza kupima nyuso. Anaangalia pua, macho na umbo la uso, na anaamua kwamba watu hawa si wa aina moja na majirani zao, bali damu yao imetoka Uhabeshi. Hilo liende wapi? Hakuliona. Kuona pua si kuona Uhabeshi. Hakuambiwa pia. Ni yeye aliyemweleza Rumanyika kwamba asili yake ni huko. Ni safu ya tatu, ALIDHANI. Baadaye katika kitabu hichohicho anatenga sura nzima ya historia ya Wahuma, kama alivyowaita watu hawa, na humo anakiri kwamba nadharia ni yake mwenyewe.

Ukishaandika neno hilo safu ya tatu, usifunge daftari. Lifuate liendako, maana hapa ndipo kitabu cha mlangoni kinapogeuka kuwa kitabu cha dunia. Wazo kwamba wafugaji wa nchi za Maziwa Makuu ni jamii ya wageni walioteremka kutoka kaskazini kuwatawala wakulima halikubaki kwenye kitabu cha Speke. Wasafiri wengine walilinukuu, wamisionari wakalifundisha, na serikali ya Wabelgiji kule Rwanda ikalijengea utawala na, katika miaka ya 1930, vitambulisho vilivyoandika kabila la kila mtu. Likageuka silaha. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alisimama Kabaya na kuwaambia wafuasi wake kwamba Watutsi watarudishwa kwao Uhabeshi kupitia mto Nyabarongo. Nyabarongo unaingia mto Kagera. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, mto huu wetu, unaotutenganisha na Rwanda, ulipitisha maiti za watu hadi Ziwa Viktoria, na Kasensero upande wa Uganda kuna makaburi ya halaiki ya waliookotwa ziwani. Wazee wa Murongo wanaukumbuka mto wa mwaka ule bila kufungua kitabu chochote.

Speke hakuua mtu. Lakini dhana iliyopewa sura ya ukweli ilianza safari yake kwenye kitabu, na sehemu ya safari hiyo ilianzia Bweranyange. Mtu akikuuliza safu tatu za daftari zina faida gani, msomee hilo. Kisha kama una nguvu ya kuendelea, soma kitabu cha Mahmood Mamdani cha mwaka 2001, When Victims Become Killers, kinachofuata njia ya dhana hiyo ndani ya Rwanda hatua kwa hatua. Kwa msomaji wa Dar es Salaam ni kitabu kigumu. Wewe uliyekulia karibu na Rubwera au Kagenyi, mahali palipokuwa na kambi za wakimbizi wa Rwanda hadi serikali ilipoamua warudi kwao ifikapo mwisho wa Desemba 1996, utakisoma kama mtu anayesoma barua.

Soma wawili wawili

Kitabu kimoja ni shahidi mmoja. Daima tafuta wa pili aliyekuwepo.

Kwa Karagwe jozi nzuri kuliko zote ni Speke na Grant. Speke alikaa wiki kadhaa tu, akaondoka Januari 1862 akikimbilia Buganda, maana alichokuwa akikitafuta ni chanzo cha Nile. Grant alibaki, mguu wake umeoza kwa kidonda, hawezi kutembea, akalala Karagwe hadi Aprili. Aliyelala miezi karibu mitano anaona yale ambayo mpita njia hayaoni: nani analeta maji, watu wanakula nini, mgonjwa anatibiwaje. Jiulize kila mara mwandishi alikuwa anakwenda wapi na alikuwa na haraka kiasi gani.

Jiulize pia maneno yamepita vinywa vingapi. Mkalimani mkuu wa Speke alikuwa Sidi Mubarak Bombay, na hao wawili walizungumza Kihindustani. Kwa hiyo hata pale mfalme aliposema kwa Kiswahili, neno lake huenda lilipita Kihindustani ndipo likafika kwenye Kiingereza cha kitabu. Wewe unayelirudisha Kiswahili ni kinywa cha nne katika mnyororo huo, uwe mwangalifu.

Swali la tatu nilifundishwa na bibi mmoja, barazani Nkwenda. Tulikuwa tukisoma kwa sauti pale Speke anapoeleza alivyompima mwanamke mnene wa nyumba ya mfalme, mkono, kifua, paja, namba baada ya namba. Vijana walicheka. Bibi yule alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. Akauliza tu: "Na yeye mama alisema nini?" Tukarudi ukurasa, tukatafuta. Namba zimo zote. Neno la mwanamke yule juu ya kupimwa kwake halimo. Tangu siku ile daftari letu lina mstari chini ya kila ukurasa: HAKUULIZWA. Utashangaa jinsi mstari huo unavyojaa upesi, na unajaa hata kwa vitabu vilivyoandikwa na Watanzania.

Na Stanley? Mpeleke kwenye maji moto ya Mtagata. Aliyafikia, akaeleza watu waliokuja kuoga humo kutafuta nafuu. Mtagata ipo Kyerwa leo, chukua bodaboda na kurasa zako mkononi, ukasome papo hapo. Hakuna somo la historia linalozidi kusoma ukiwa umesimama mahali panaposomwa.

Kikundi

Kusoma peke yako kunawezekana, lakini vitabu hivi vinataka watu. Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha, wakizidi hapo unakuwa mkutano. Tafuta mmoja anayejua Kiingereza vizuri, mwalimu wa sekondari au mwanafunzi aliyerudi likizo. Yeye atasoma aya kwa Kiingereza na kuifasiri palepale kwa Kiswahili, mwingine ataandika daftarini, na angalau mzee mmoja awepo wa kusema kwa Kinyambo jambo hilo linaitwaje. Pakitokea neno la kubishaniwa, upo msamiati wa Kinyambo, Kiswahili na Kiingereza ulioandaliwa na Josephat Rugemalira na kutolewa mwaka 2002 chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania.

Usianzishe kikundi wakati wa kuvuna kahawa. Kuanzia Mei watu wako shambani na kwenye majamvi ya kuanikia, na usiku wamechoka. Msimu ukitulia na hela ikiwa imeingia, watu wana jioni na wana nauli. Kukutana mara mbili kwa mwezi kunadumu, kila wiki kunavunjika.

Mkumbuke kwamba kusoma kwa pamoja si ugeni hapa. Mikoa ya Ziwa ndiyo iliyochaguliwa kwa mradi wa majaribio wa kisomo wa UNESCO mwaka 1968 hadi 1972, na gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianza 1974 kwa ajili ya watu wa vijijini wa mikoa hiyo. Mwaka 1973 vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya viliketi kusikiliza redio na kusoma kitabu kimoja nchi nzima. Waulize wazee waliokuwemo. Wengine bado wanavyo vijitabu vile, na wanajua kuendesha kikundi kuliko sisi.

Sasa onyo, na hili nalisema kwa uzito wote. Usikiruhusu kikundi kigeuke baraza la kuchunguza asili za watu. Katika wilaya hizi mbili kuna familia zilizotoka Rwanda miaka ya mwanzo ya 1960 na kupewa makazi huku, kuna waliokuja kabla ya hapo wakati mpaka haukuwa na maana kubwa, kuna waliooleana mara nne. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga, ya kuwaondoa waliodaiwa kuwa wahamiaji haramu, iliwakuta watu majumbani na kuwatenganisha na watoto na ng'ombe wao. Jeraha bado bichi. Tunasoma Speke ili tujue dhana ya asili ilivyotengenezwa. Mtu yeyote atakayeanza kuangalia pua za waliomo barazani, mwenyekiti afunge kitabu.

Rafu ya Kiswahili

Baada ya miezi mitatu ya vitabu vya nyumbani, panueni. Hapa mnaweza kusoma Kiswahili moja kwa moja. Kijitabu cha Nyerere cha 1962, Tujisahihishe, ni kifupi, kinasomwa kwa jioni moja na kubishaniwa kwa nne. Chukueni kisha Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, alichokitoa akiwa mstaafu mwenye hasira juu ya namna suala la Muungano lilivyoendeshwa. Kisomeni kwa jozi na Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu cha Ali Hassan Mwinyi, 2021, kwa sababu Mwinyi ndiye aliyekuwa Rais wakati ule. Mtu aliyekosoa na mtu aliyekosolewa, wote kwa Kiswahili, ni nadra kuwapata mezani pamoja. Na msimwonee haya Mwalimu: safu tatu za daftari zinamhusu naye kama zinavyomhusu Speke.

Kwa vita vya Kagera kuna Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai, 1980, kilichoandikwa moto ukiwa bado haujapoa, na kuna War in Uganda cha Tony Avirgan na Martha Honey, 1982, waandishi waliofuatana na jeshi letu. Huku kwetu mnao waliopigana. Wasomeeni kwanza kurasa, ndipo muwaulize, maana askari mzee akiulizwa "tuambie vita" hujibu kwa jumla, lakini akisomewa habari za Kyaka zilizokosewa atakurekebisha kwa siku na saa.

Kahawa ina vitabu vyake pia. Brad Weiss alitoa mwaka 2003 Sacred Trees, Bitter Harvests, juu ya kahawa ya Kaskazini Magharibi mwa Tanzania, tangu ile ya kutafuna anayopewa mgeni hadi ile ya kuuza. Anayelalamikia butura, kuuza maua na matunda mabichi mtini kwa mkopeshaji, ataona tatizo lake lina historia.

Na msiache sheria. Katiba ya 1977 ni kitabu. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 pamoja na rasimu ya Tume ya Warioba ni jozi nyingine nzuri: tieni alama kila kilichomo katika moja na hakimo katika nyingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasomeka kwa Kiswahili, na aliyeielewa hukaa tofauti kabisa kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Vitabu mtavipata kwa njia ya watu. Anayekwenda Dar es Salaam apite duka la TPH (Tanzania Publishing House) barabara ya Samora na aulize pia vitabu vya mchapishaji Mkuki na Nyota. Anayevuka Murongo au Mutukula kwenda Kampala apewe orodha na hela kabisa, maduka ya vitabu ya kule yana mengi yanayotuhusu. Changieni kitabu kimoja kimoja, kiwe cha kikundi, na kiwe na daftari lake la kuazimia lenye tarehe ya kurudisha.

Yale mtakayoyapata kwa wazee yaandikeni kwa kalamu ya wino: tarehe, kijiji, jina kama mwenyewe ameridhia, na maneno yake kwa Kinyambo kabla ya tafsiri. Toeni nakala mbili, moja ikae shuleni, nyingine kwa mtunza daftari. Kisha rudini kwa mzee, mumsomee alichosema. Akitaka kurekebisha, msifute. Andikeni rekebisho pembeni, na tarehe yake.